Nyumba ya urithi Ujiji: nani anaruhusu ukuta uvunjwe?

Kesi zenyewe zinafanana sana. Nyumba ya marehemu baba, ndugu wanne na mama yao, siku moja kaka mkubwa anakuja na fundi na nyundo, vyumba viwili vya mbele vinatobolewa vigeuke fremu za biashara maana barabara imechangamka. Dada anapiga kelele, majirani wanajaa, wanaitwa ofisi ya mtaa. Kaka anatoa karatasi: "Nina kibali mimi." Dada anajibu: "Mi sijasaini popote, kaka." Mtendaji anaangalia huku na huku. Na ukweli ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake.

Karatasi ya manispaa inajibu swali la kama jengo la namna ile linaruhusiwa pale. Saini ya dada inajibu swali la kama wenye mali wamekubali. Ni milango miwili, inafunguliwa na watu tofauti, na ukipita mmoja haimaanishi umepita na wa pili. Ukiwa na kibali bila ridhaa ya wenzako, unaweza kusimamishwa na baraza la ardhi. Ukiwa na ridhaa ya ukoo mzima bila kibali, manispaa inakuja na rangi nyekundu inakuandikia X ukutani na ukoo wako wote umesimama hapo unaangalia. Watu wengi huku kwetu Kigoma wana mlango mmoja halafu wanashangaa kwa nini kuna mgogoro.

Sasa tuanze na wenye mali, maana hapo ndo pana vurugu zaidi.

Nyumba nyingi za Ujiji mjini, kuanzia Kasingirima, Kitongoni, mpaka ukija Mwanga kwa zile za zamani, ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, baraza mbele, uani kuna jiko na choo. Mzee akifariki watoto wanabaki humo humo, kila mmoja na chumba chake alichokulia au alichorudia baada ya maisha kugoma mjini kwingine, na baada ya miaka kumi lugha inabadilika, mtu anasema "chumba changu", anamwambia mpangaji "chumba changu", anakopea hela "chumba changu". Kisheria hicho chumba hana. Ana hisa kwenye nyumba nzima.

Chukua mfano tupige hesabu. Marehemu Muislamu kaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, wazazi wake walishatangulia. Mke anapata moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike fungu moja. Ukiigawa nyumba mafungu 48, mama ana 6, kila binti 7, kila mtoto wa kiume 14. Jumlisha utapata 48. Nyumba ina vyumba sita, kwa hiyo chumba kimoja kingekuwa mafungu 8. Unaona shida? Mama hafikishi chumba, ana robo tatu yake. Binti anapungukiwa kidogo. Kaka ana chumba kizima na robo tatu ya kingine. Hakuna hata mmoja ambaye hisa yake inakaa sawasawa ndani ya kuta nne, na hapo bado hujaweka korido, choo, uani, bati na kenchi, ambavyo havigawanyiki kabisa. Na bado hujagusa kwamba chumba cha mbele kikiwa fremu kinaingiza kodi kubwa kuliko kile cha nyuma karibu na choo. Ni kama dagaa waliokwishaungwa sufuria moja, huwezi kuingiza mkono ukasema huyu ndo niliyemnunua mimi.

Kwa hiyo kaka anapovunja ukuta wa vyumba vya mbele "kwa sababu ni upande wangu", anavunja ukuta ambao mama ana mafungu 6 ndani yake na kila dada ana 7. Hilo ndo jambo zima la umiliki wa pamoja, na nikisikia watu wanabishana nani alikaa chumba gani tangu lini naona wanapoteza muda. Hata kama umekaa humo miaka ishirini kwa idhini ya ndugu zako, kukaa tu hakukupi umiliki wa chumba.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua umiliki wa pamoja wa aina mbili. Kuna ule ambao wenye mali wanashika kitu kizima pamoja, mmoja akifa sehemu yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja, huu siku hizi unaanzishwa kwa wanandoa tu, wengine mpaka mahakama iruhusu. Na kuna ule wa hisa, ambapo kila mtu ana sehemu yake isiyokatwa, akifa inakwenda kwa warithi wake. Ndugu waliorithi wanaangukia huu wa pili. Na hapa kuna kitu watu hawakijui: mwenye hisa hawezi kumpa mtu wa nje hisa yake bila wenzake kukubali kwa maandishi, ingawa na wao hawaruhusiwi kukataa bila sababu ya maana.

Ndo maana ukiona mtu anauziwa "chumba" kwenye nyumba ya urithi mwambie asubiri. Anayeuza mara nyingi ni mmoja tu kati ya watano, kaandikishana na mnunuzi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muhuri umegongwa, mashahidi wawili, basi wanaona imeisha. Mnunuzi anaanza kuvunja, anaweka mlango wake wa nje, anaziba ule wa koridoni. Sasa kwenye nyumba ya ukoo kuna mtu mgeni ambaye anaamini kabisa ana haki, na hela kashatoa. Kumtoa huyo ni kazi kuliko kumzuia kaka mkubwa mara kumi.

Halafu kabla hata hatujafika kwenye hisa, jiulize mirathi ilifunguliwa? Nyumba nyingi bado ziko kwa jina la babu. Hati, kama ipo, ina jina la mtu aliyezikwa zamani. Katika hali hiyo mwenye mamlaka ya kusaini chochote kuhusu ile nyumba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mtoto mkubwa, siyo anayekaa pale, siyo aliyemuuguza mzee. Na msimamizi naye siyo mwenye mali, hapa wengi wanateleza. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, basi. Mahakama ya Mwanzo inamtaka ndani ya miezi minne tangu ateuliwe apeleke orodha ya mali na hesabu ya mgawo. Tunawajua wasimamizi ambao wana miaka na miaka, wanapokea kodi, wanaongeza vyumba uani, wanasema "mimi ndo msimamizi" kama vile ni cheo cha kurithi. Huyo anatakiwa aitwe kwenye ile ile mahakama iliyomteua aulizwe hesabu. Ukimpeleka baraza la ardhi kwa jambo la mirathi unaweza kukaa huko mwaka mzima halafu ukaambiwa umekosea mlango.

Na hii ya urasimishaji wa makazi nayo iangaliwe. Timu ikipita mtaani kupima na kuandikisha, inaandika jina la aliyepo. Ndugu mmoja yuko Dar, mwingine Mpanda, aliyebaki nyumbani anaandikwa peke yake, labda bila hata nia mbaya. Miaka mitatu baadaye anapeleka ombi la kibali na nyaraka zake zimekamilika, manispaa haioni tatizo lolote, kwa nini ione? Kama hamjaenda kuhakikisha majina ya warithi au jina la msimamizi limeingia, mmejitengenezea kesi wenyewe.

Tuhamie mlango wa pili sasa, manispaa.

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji kwenye mji ni halmashauri yenyewe, kwa huku ni Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa wenzetu wa Tabora ni Manispaa ya Tabora. Ukitaka kuendeleza kiwanja unaomba kwao. Na kuendeleza haimaanishi kujenga nyumba mpya tu, kugeuza matumizi pia kumo. Chumba cha kulala kikigeuka duka, kiwanja cha makazi kinaingia kwenye biashara, hilo ni jambo la kibali hata kama kuta hazijaongezeka. Sasa chukua kaka yetu na fremu zake: anabadilisha muundo, anabadilisha matumizi, na mara nyingi anasogeza mbele mpaka kwenye baraza na baraza imekaribia mtaro wa barabara. Mambo matatu kwa nyundo moja. Yeye anaita ukarabati.

Neno ukarabati ndo kichaka watu wanachojifichia. Kupaka rangi, kubadilisha kioo, kuziba bati linalovuja, hakuna atakayekusumbua sana. Lakini ukitoa ukuta, ukiongeza chumba, ukibadili paa, ukiinua ghorofa, ukihamisha shimo la choo, hapo umeshaingia kwenye ujenzi, nenda kaulize kabla ya kununua simenti. Maombi yanataka michoro, uthibitisho wa umiliki, na yanapita kwa watu wa ardhi, mipango miji, uhandisi, afya. Siku hizi yanaingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa hiyo ile habari ya "faili limepotea" imepungua nguvu. Kazi ikianza inatakiwa ikaguliwe kwa hatua, msingi, linta, kuendelea. Barua ya serikali ya mtaa ni utambulisho tu. Muhuri wa mwenyekiti haujawahi kuwa kibali cha ujenzi na hautakuwa, japo kuna watu wanaulaminisha na kuubandika dukani.

Udhaifu uko wapi? Kwa maoni yangu uko pale manispaa inapoangalia kiwanja ikaona mwenye mali mmoja, na ukoo unapoangalia nyumba ukaona vyumba. Hakuna anayeangalia katikati. Afisa anapokea karatasi yenye jina na sahihi, hana namna rahisi ya kujua kwamba nyuma ya jina hilo kuna watu watano. Kwangu mimi, ombi lolote la kubadilisha nyumba ya zamani ambayo hati yake ni ya marehemu, au haina hati kabisa, lingetakiwa liambatane na barua ya usimamizi wa mirathi na maandishi ya warithi wote wazima. Ni karatasi mbili tu. Na ukoo nao ungekuwa na faida kwenda manispaa mapema kuandika barua kwamba nyumba hii iko kwenye mirathi, tusiruhusiwe mmoja mmoja. Barua hiyo haimfungi mtu mikono milele ila inamfanya afisa aulize swali la pili.

Hapo katikati kuna kichekesho cha LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda 1,500. Ndugu wakigombana kitu cha kwanza ni kila mtu kuvuta mita yake, na mita ikishakuwa yako unaona makato yale kila mwezi, unaanza kuamini unalipia kodi ya nyumba yako. Nimesikia mtu mzima kabisa anadai hivo kwenye kikao: "Mimi kodi ya jengo nalipa, yeye analipa?" Kulipa kodi kunaonyesha umelipa kodi. Hakuna hisa inayoongezeka. Tena mita tatu nyumba moja inaweza kuwa mnakatwa mara tatu kwa jengo moja, nendeni mkarekebishe badala ya kutumia risiti kama silaha.

Sasa usalama, maana tukibaki kwenye karatasi tu mtu anaweza kuona hizi ni ishu za wanasheria. Nyumba nyingi za zamani Ujiji kuta zake ni udongo, iwe tofali mbichi au miti na udongo, zimepigwa plasta juu. Zinasimama vizuri miaka mingi kwa masharti mawili: zisilowe, na uzito wa paa ugawanyike kwenye kuta zote kama fundi wa kwanza alivyokusudia. Ukitoa ukuta kati ya vyumba viwili ili upate duka pana, kenchi iliyokuwa imelalia pale inakosa pa kukaa, uzito unahamia kwenye kuta za pembeni ambazo hazikuandaliwa. Ukichomeka geti la shata kwenye ukuta wa udongo bila linta ya maana, ufa unaanza juu ya kona na kupanda. Mvua za Novemba zikikuta plasta imetobolewa maji yanaingia ndani ya ukuta. Na kinachouma ni kwamba ufa hautokei kwenye fremu ya kaka, unatokea chumba cha pili anacholala mama. Aliyepata kodi ni mmoja, aliyepata ufa ni mwingine.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, watu zaidi ya 20 wakafariki. Waliokuwa pale walisimulia kazi ya kuchimba na kupanua chini ya jengo ili kupata nafasi zaidi ya maduka. Serikali iliunda tume kukagua majengo mengine ya Kariakoo. Ujiji hatuna ghorofa za vile, lakini tamaa ya kupata fremu moja zaidi ndani ya jengo ambalo halikujengwa kwa ajili hiyo ni ile ile, na jengo likiwa la watu wengi kila mmoja anadhani mwenzake ndo anayeangalia.

Kwa ghorofa kuna sheria yake, ya umiliki wa sehemu za majengo, ya mwaka 2008. Unamiliki sehemu yako kwa hati, na ngazi, paa, kuta za nje na msingi vinabaki mali ya wote chini ya chama cha wamiliki. Huko angalau kuna chombo cha kuuliza. Kwenye nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, zikiwemo zile zilizotaifishwa mwaka 1971, aliyepanga ni mpangaji hata kama ni tangu enzi za babu yake, akitaka kutoboa anaomba kwa mwenye nyumba kwa maandishi. Sisi wa nyumba za urithi ndo hatuna chama, hatuna mwenye nyumba mmoja, tuna kikao cha Jumapili.

Basi nyundo imeshaanza kupigwa, ufanye nini? Kwanza piga picha, za tarehe, kila upande, na ndani pia. Nenda manispaa, idara ya mipango miji, ukaulize kama kuna kibali kwa kiwanja kile. Kama hakuna, wana uwezo wa kusimamisha kazi, na wakifika wakati ukuta bado haujapauliwa inasaidia sana kuliko wakifika duka likiwa na bidhaa na mpangaji aliyelipa miezi sita. Kama kibali kipo, peleka maandishi kwamba aliyeomba hakuwa mwenye mali peke yake. Hiyo ni kwa upande wa jengo.

Kwa upande wa haki yako na ndugu zako, unaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu, kwa hiyo usiende pale ukitegemea hukumu. Wakishindwa kuwapatanisha wanakupa cheti cha kwamba imeshindikana, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kusonga mbele hata bila cheti. Hapo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambapo pamoja na kesi yenyewe unaweza kuomba zuio la muda ili kazi isimame mpaka shauri lisikilizwe. Zuio linaombwa mapema. Ukilala miezi minne ukija kuomba kuzuia ukuta ambao umeshapakwa rangi, utaulizwa unazuia nini.

Na usichanganye matokeo ya sehemu hizo mbili. Manispaa ikiamuru fremu zibomolewe haijasema nyumba ni ya nani. Baraza likisema dada ana hisa zake haliwapi kibali cha kujenga. Nimeona watu wanashinda upande mmoja wanakuja nyumbani wanasherehekea kama vile wamemaliza.

Kuna upande wa kaka pia, tusimfanye mwizi. Mara nyingi ndo pekee mwenye hela, nyumba inaanguka, ndugu wa mbali hawachangii hata bati moja, halafu fremu zikianza kuingiza kodi wote wanakumbuka baba. Kwa hiyo ridhaa iandikwe ikiwa na hela ndani yake: fulani anatoa kiasi hiki, anajirudishia kwa kodi ya fremu mpaka miaka kadhaa iishe, kisha kodi inagawanywa kwa hisa, au hela yake inahesabiwa mkopo kwa nyumba, au wenzake wanakubali hisa yake ipande. Yoyote kati ya hizo inafanya kazi, muhimu isainiwe na kila mwenye hisa, na mama asisahauliwe maana mafungu yake 6 ni madogo lakini bila saini yake ridhaa haijakamilika. Aliyeko mbali atume kwa maandishi, meseji ya "sawa tu kaka" itawagombanisha.

Mkishindwa kabisa kukaa pamoja, mmoja wa wenye hisa anaruhusiwa kuomba mgawanyo bila kusubiri wote watake. Ila viwanja vya Ujiji vilivyobanana, nyumba ya vyumba sita huikati vipande vitano, kwa hiyo inaishia ama mmoja awanunue wenzake au iuzwe mgawane hela kwa mafungu. Na hapo mnunuzi makini, wa kwanza kabisa atakayekuja, ataangalia fremu za mbele na kuuliza kibali chake kiko wapi.